Kamera Mbili, Kamati Moja

Kamera moja haina tabu. Ukiwa na hela na dukani kuna kamera moja, unalipa, unaitia kwenye begi, unakwenda nayo nyumbani ukiwa umeikumbatia kifuani. Tabu huanza pale zinapokuwa mbili. Hapo ndipo mtu mzima, mwenye familia na deni la kiwanja, anajikuta saa saba za usiku anakodolea macho simu, analinganisha uhai wa betri za vyombo ambavyo hana hata kimoja.

Zangu ni hizi. Ya kwanza ni Canon EOS 5D Mark III, iliyotoka mwaka 2012, jitu zito jeusi ambalo wapiga picha wengi wa harusi wa mjini hapa wamelisomeshea watoto. Ya pili ni Sony A7 III ya mwaka 2018, ndogo, haina kile kioo cha ndani kinachoruka juu kila ukibonyeza, na ukiishika unahisi yenyewe ndiyo inayokupima wewe. Zote ninazozitazama ni mtumba. Mpya sizigusi. Canon hiyo ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa dola 3,499 bila lenzi, na Sony ilikuwa dola 1,999 bila lenzi, na hayo maneno mawili ya mwisho nitayarudia baadaye, nikishatulia.

Msidhani ni tamaa. Mpwa wangu anaolewa, na kwenye daftari la michango la kamati imeandikwa kwamba mchango wangu ni picha. Hakuna aliyeniuliza. Mwenyekiti alisema, "Mjomba si ana kamera?" na katibu alikuwa ameshaandika kabla sijafungua mdomo. Kamera ninayo kweli, Canon 600D ya mwaka 2011, yenye kihisi kidogo. Mchana sina neno nayo. Lakini harusi zetu hazifanyiki mchana. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa tatu kasoro usiku, na kumbi zetu mnazijua. Mtu wa mapambo amelipwa kuhakikisha hakuna mwanga mweupe unaopenya mle ndani. Taa za zambarau chini, za bluu ukutani, na MC akipandwa na mori, kijana wa muziki anaongeza za kijani. Dari lote limefunikwa vitambaa vya rangi iliyochaguliwa na kamati, kwa hiyo ukielekeza flashi juu ili mwanga urudi taratibu, kama tulivyofundishwa, unarudi na rangi ya kitambaa, na bibi harusi anatoka zambarau kuanzia shela mpaka meno.

Ndiyo maana nataka fulu fremu. Kihisi chake, ile sahani ndogo ndani ya kamera inayopokea mwanga, kina milimita 36 kwa 24. Vipimo hivyo havikupigiwa hesabu na mtaalamu yeyote wa dijitali, ni urithi. Fundi wa Kijerumani, Oskar Barnack, alichukua mkanda wa sinema, akaunganisha nafasi ya picha mbili ikawa ya picha moja, na kamera iliyotokana na kazi yake, Leica, ikaonyeshwa Leipzig mwaka 1925. Miaka yote hii imepita na bado mimi nadaiwa mamilioni kwa sababu ya upana wa mkanda wa sinema. Kihisi cha 600D yangu kina milimita 22.3 kwa 14.9. Pigeni hesabu ya eneo: cha fulu fremu ni kikubwa mara mbili na nusu na ushee. Eneo likiwa kubwa mwanga unaoingia ni mwingi, na zile chenga za gizani zinapungua. Hoja yote ndiyo hiyo, na ni ya kweli. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeshanunua, nimeshalala.

Balaa ni kwamba niliomba ushauri. Nilimuuliza mtu mmoja tu. Kabla jua halijazama nilikuwa na washauri wa kutosha kuunda kamati yao wenyewe, yenye katibu na mweka hazina. Watu wa Canon na watu wa Sony ni Simba na Yanga, tofauti ni kwamba Simba na Yanga kuna filimbi ya mwisho. Mtu wa Canon hana namba, ana rangi. "Kaka, rangi ya ngozi ya Canon, wewe acha tu." Ukimuuliza rangi hiyo ikoje, anafumba macho. Mtu wa Sony hajali rangi, ana namba, na anazitoa mfululizo bila kupumua, nyingine zikiwa za kamera ambayo si hii tunayoizungumzia.

Basi nikachukua namba, maana namba hazifumbi macho.

Sony ina megapikseli 24.2, Canon ina 22.3. Vijana wanaitamka tofauti hiyo kwa sauti ya kukusikitikia. Picha ya Sony ina pikseli 6,000 kwa upana na ya Canon ina 5,760. Ukichapisha kwa pikseli 300 kila inchi, kama studio nzuri zinavyofanya, ya Sony itakuwa na upana wa karibu sentimita 51 na ya Canon karibu 49. Sentimita mbili! Mimi ukutani kwangu kuna kalenda ya mwaka juzi iliyopinda na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Na hiyo ni kwa atakayechapisha. Ndugu wengine wote wataitazama picha kwenye simu baada ya WhatsApp kuiminya, na hata yule shemeji mwenye televisheni kubwa ya HD, skrini yake ina pikseli milioni mbili na kidogo. Megapikseli zaidi ya ishirini zinafia njiani na hakuna anayezifanyia matanga.

Kuna namba moja tu iliyoninyima usingizi kwa haki. Ni ile ya uwezo wa kihisi kuona penye mwanga mkali na penye giza kwa wakati mmoja, na kwa harusi hilo si la kudharau. Bwana harusi yuko ndani ya suti nyeusi, bibi harusi ndani ya gauni jeupe lililomwagika sakafuni, na katikati yake kuna nyuso zetu, za rangi zetu. Kamera imefundishwa kutamani kijivu. Ikiona kitu chochote inajitahidi kukisogeza kwenye kijivu cha wastani. Ikikutana na gauni lililojaa fremu nzima inadhani ukumbi umeshika moto, inapunguza mwanga, na nyuso zinazama gizani. Hakuna kijivu harusini, ukiacha nywele za mwenyekiti. Hapo inabidi baadaye ukae kwenye kompyuta uvute vivuli juu. Vya Sony ukivivuta vinakuja na mtu ndani yake. Vya Canon hii ukivivuta sana vinakuja na chenga na mistari, na mtu yuko mahali fulani nyuma ya mistari. Maabara ya DxO ya Ufaransa ilizipima zote mbili: Sony stopu 14.7, Canon stopu 11.7. Tofauti ya stopu tatu, na kila stopu ni mwanga mara mbili, kwa hiyo ni mara nane. Mtu wa Sony akifika hapo huegemea kiti, akakunja mikono, akasubiri nilie.

Na karibu nilie. Mpaka nilipotazama vizuri hizo stopu zilipimwa wapi. Ile 14.7 ni ya ISO 100, yaani usikivu wa kihisi kwa jua la saa nne asubuhi. Ukipandisha ISO mpaka 6400, ambako ndiko tunakoishi sisi wa ukumbini, pengo linasinyaa. Kwa kipimo cha gizani cha maabara ileile, tofauti ya kamera hizi mbili haifiki stopu moja. Sony inaibamiza Canon ufukweni mchana kweupe. Mimi ufukweni sijaalikwa. Nimealikwa ukumbini, kwenye zambarau, na kule wameachana kidogo tu, lakini jambo hili mtu wa Sony halijui, na akilijua halitaji, na mtu wa Canon ambaye lingemsaidia bado amefumba macho anaona rangi.

Siku ya kwenda Kariakoo nilivaa shati la zamani ili bei isinione. Haikusaidia. Kijana wa duka alinitazama juu mpaka chini, akaniita "boss wangu", na mtu akikuita hivyo Kariakoo ujue laki moja imeshaongezeka. Akaitoa Canon kwenye kabati la kioo kwa mikono miwili.

"Hii chuma, boss wangu. Ilikuwa ya Mzungu mmoja, alikuwa anapiga ndege tu, Serengeti huko."

Ndege tu. Alisema kwa kunituliza. Sasa wapiga ndege ndio watu wa kuogopwa kuliko wote. Mpiga harusi anasubiri keki ikatwe. Mpiga ndege anaona tawi limetikisika, anashikilia kidole, kamera inatapika picha sita kwa sekunde, na jioni anazifuta zote isipokuwa moja ya mkia. Shata ya Canon hii, lile pazia linalofunguka na kufunga kila picha, ilitengenezwa kwa makadirio ya mapigo 150,000. Ya Sony 200,000. Washauri wangu walilihesabu hilo kuwa ushindi wa Sony, na kwenye mstari wa kasi wakaipa ushindi mwingine, kwa sababu yenyewe inapiga picha kumi kwa sekunde. Mimi nikazidisha na kugawanya. Ukishikilia kidole bila kuachia, maisha yote ya shata ya Canon yanakwisha ndani ya saa saba kasoro dakika chache. Ya Sony yanakwisha ndani ya saa tano na nusu. Wanakupa umri mrefu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wanakupa njia ya haraka ya kuumaliza. Najua, makadirio ya kiwandani si tarehe ya kifo. Kuna shata zinaishi mara mbili ya hapo na nyingine zinakufa changa. Lakini Mzungu mmoja, siku moja njema, mbele ya korongo anayetua, angeweza kufanya nini kwa saa saba?

"Shata imepiga ngapi?"

"Kidogo tu, boss wangu."

"Kidogo ngapi?"

"Kidogo sana."

Kwa Sony walau kuna pa kushika, kwani hesabu ya shata inaandikwa ndani ya faili la picha na zipo programu za kuisoma. Unapiga picha moja ya sakafu ya duka na ukweli unajulikana. Canon hii inataka waya, kompyuta na programu yake. Kompyuta ilikuwepo. Waya ulikuwa unakuja kesho.

Tukahamia kwenye Sony. Ilikuwepo ya bei nzuri ajabu, safi, haina mkwaruzo, na mimi bei nzuri ajabu huwa inanitia kikohozi. Nikaiwasha. Menyu yote ni Kijapani. Nikatafuta palipoandikwa lugha, na utaipataje sehemu iliyoandikwa lugha kwa lugha usiyoijua? Muuzaji akanisaidia kutafuta, naye hakuipata, kwa sababu haimo. Sony za kuuzwa Japani kwenyewe hutoka kiwandani na Kijapani kitupu. Muuzaji hakutetereka.

"Utazoea, boss wangu. Kwani gari lako si Kijapani?"

Hapo alinipata. Kila asubuhi nikiwasha gari kuna dada ananiambia jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao ambayo haimo. Nimeishi naye vizuri kuliko ninavyoishi na majirani wengine. Lakini yule dada hataki jibu. Kamera hii ingetaka jibu wakati bwana harusi anamfunua bibi harusi shela, na menyu ya Sony ina kurasa nyingi kiasi kwamba hata wanaoisoma kwa Kiingereza hulalamika wanapotea. Nikairudisha kabatini kwa mikono miwili. Ya menyu ya Kiingereza ilikuwepo pia, na bei yake ilikuwa imejua kwamba nimeikosa ile ya Kijapani.

Kuhusu uzito nitasema haraka, maana hapa washauri hupiga kelele sana. Canon na betri yake ni gramu 950, Sony ni 650. Mgongo wangu ulishangilia. Halafu ukifunga lenzi ambayo kila mpiga harusi anaitaka, ile ya 24-70 ya f/2.8, ya Canon, toleo la pili, ina gramu 805, na ya Sony, ile ya GM ya mwaka 2016, ina 886. Ndiyo, kamera ndogo imepewa lenzi nzito zaidi. Ile tofauti ya gramu 300 mliyonitangazia imebaki 219, ambazo nitazirudisha mwilini kwenye sahani ya kwanza ya pilau. Betri? Canon inakadiriwa picha 950 ukitumia tundu la kuchungulia, Sony 610 kwa tundu na 710 kwa skrini. Zote zinatosha, mradi betri iwe halisi. Hilo la uhalisi Kariakoo linataka safu yake peke yake.

Kinachonikera kwa Sony ni kwamba kuna jambo moja inalifanya vizuri mno mpaka natamani lisingekuwepo. Inalifuata jicho. Unaielekeza kwa bibi harusi, kijimraba kidogo kinakaa kwenye jicho lake, akigeuka kinageuka naye, akicheka hakiachii. Kwa Canon ya 2012 una pointi 61 za fokasi zilizorundikana katikati, nawe ndiye unayechagua kwa kidole gumba, ukiwa umerudi nyuma, umekanyaga kamba ya spika, na mama mkwe anakuambia usogee. Nikadhani hapo mjadala umekwisha. Kisha nikakumbuka kina mama wetu huvaa nini. Mashine inayotafuta nyuso haiulizi kama uso una mwili; uso uliochapwa kwenye bango unaweza kuinasa, na uliochapwa kwenye kitenge vilevile. Nina shangazi mwenye vitenge vya kampeni za chaguzi zote alizopiga kura. Siku atakaposimama mbele ya lenzi na wagombea wanne wakiwa wanatabasamu kuanzia kifuani mpaka magotini, sijui jicho la nani litachaguliwa, lakini la shangazi litakuwa na ushindani.

Kanisani nako kuna lao. Kioo cha Canon kikiruka kinasikika. Wameiwekea namna ya kupiga kwa upole, na upole wenyewe ni kwamba badala ya mchungaji kukutazama, anakutazama mzee wa kanisa. Sony inaweza kupiga bila mlio wowote, kimya kabisa, mtu anaapa na hakuna anayejua kama umepiga. Nilivutiwa. Ila namna hiyo ya kimya inaisoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa nyingi za LED inaleta michirizi ya mwanga na giza kwenye picha nzima. Kanisa letu limebadilisha taa zote juzijuzi, zimewekwa LED, na tulichangishwa. Kwa maana hiyo nilichangia michirizi.

Sasa yale maneno mawili. Bila lenzi.

Muuzaji akikutajia bei ya kamera ya aina hii anakutajia bei ya kisanduku chenye tundu mbele. Haipigi kitu. Ni sawa na kutajiwa mahari halafu ukagundua hapo hujafika kwa mashangazi. Mimi nina lenzi za Canon: ile ndogo ya 50 mm f/1.8 ambayo kila mtu anayo, na moja ndefu ya 70-200 f/4 niliyouziwa na rafiki aliyekuwa anahama nchi. Zote ni za kiungio cha EF, ambacho Canon inacho tangu mwaka 1987, kwa hiyo zinaingia kwenye 5D bila maswali. Iliyokuja na 600D, ile 18-55, haiingii, maana ni ya kihisi kidogo, lakini hiyo hata ikiingia siitaki ukumbini. Kwa Sony ningehitaji adapta. Na adapta ni nini? Kwenye Canon kihisi kiko milimita 44 nyuma ya lenzi. Kwenye Sony kiko milimita 18. Kinachokosekana ni milimita 26 za hewa. Nilitajiwa bei ya hiyo hewa, imezungushiwa bati na viunganishi vya umeme, nikashukuru kwamba tunayovuta pale mtaani bado ni ya bure. Na hata ukiinunua, fokasi ya lenzi ya kampuni moja kwenye kamera ya kampuni nyingine ina siku zake. Kuna siku inakimbia na kuna siku inawaza.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, kuanzia kwa Barnack. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye stopu 14.7 aliinua kichwa.

"Baba watoto, kati ya hizo mbili, ipi inabakiza ada ya muhula?"

Canon ilikuwa milioni moja na laki sita, na nilijua nikirudi na waya wangu mwenyewe itashuka. Sony ya Kiingereza ilikuwa milioni mbili na laki nane, ukiacha hewa. Sony ni kamera bora, sitabishana na mtu kwa hilo, na atakayenipa moja sitaikataa. Ila kwa lenzi nilizonazo, gizani nilikoalikwa, kwa tofauti isiyofika stopu moja, siwezi kumwelekeza mkuu wa shule kwa Sony. Nikarudi Kariakoo na waya. Shata ilikuwa imepiga mara elfu tisini na kitu. Mzungu alikuwa ameona ndege wengi. Nikashusha bei kwa kuwahesabu ndege hao mmoja mmoja, kijana akaacha kuniita boss, na hapo nikajua bei imefika.

Kamati nilidhani itafurahi. Niliipeleka kamera kikaoni, nikaiweka mezani katikati ya soda. Mwenyekiti akaishika, akaipima kwa mkono, akasema ni nzito, nadhani kwa kusifu. Hakuna aliyeuliza ISO. Hakuna aliyeuliza megapikseli, hata wale washauri wawili niliokuwa nao kikaoni. Katibu ndiye aliyeuliza: "Na video je, mjomba? Kwenye daftari hapa nimeandika picha na video."

Video inapiga. Si ya 4K kama Sony, ni ya 1080, ambayo kwa televisheni ya shemeji inatosha na kubaki. Lakini kuna jambo ilinibidi niliseme, na ndilo pekee ambalo kamera hizi mbili zimekubaliana kabisa: zote zinakata kurekodi kabla ya nusu saa. Canon inakata dakika ya 29 na sekunde ya 59. Kwa sababu ya nini? Ushuru wa forodha wa Ulaya. Huko kamera yenye uwezo wa kurekodi nusu saa au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video, na kamera ya video ina ushuru mkubwa zaidi, kwa hiyo viwanda vikaamua kunyamaza sekunde moja kabla. Kamati ilinitazama. Mweka hazina akauliza kama ushuru huo tunaweza kuuchangia.

Nani kule Ulaya alifikiri juu ya MC wetu? Huyu kukaribisha meza kuu tu ni dakika arobaini. Anaanza na historia ya ukoo wa bwana harusi, anavuka kwa bibi harusi, anapitia kwa aliyekuwa mchumba asiyetajwa jina, anatambulisha wageni kwa mikoa na kwa wilaya, na bado hajasema karibuni. Kamera itakata akiwa yuko Kilosa.

Ikabidi nimpigie simu. Nikamweleza kwa heshima zote, nikaruka habari za forodha, kwamba ikifika dakika ya ishirini na tisa nitampungia mkono, naye anyamaze kidogo nibonyeze upya.

"Ninyamaze muda gani, mzee wangu?"

"Sekunde kumi zinatosha."

Akawa kimya kwenye simu, nikafikiri anafanya mazoezi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi kamati imenilipa kuongea. Kunyamaza inabidi tupatane upya."